Mbuzi wa Ntheo na Pete ya Kanisani

Wazee wetu wa Mombasa walipolitaja jina la Ukambani, zamani hizo, fikira zao zilikuwa kwenye pembe za ndovu. Misafara ya Wakamba ilishuka Pwani na pembe, ikarudi bara na nguo, shanga na nyuzi za shaba. Mji wa Machakos, ulioitwa kwa jina la mzee Masaku, ulikuwa kituo cha serikali ya Kiingereza kabla Nairobi haijawa mji. Lakini leo, ndugu msomaji, sikukuiti twende Ukambani kwa sababu ya biashara. Nakuita tukatazame arusi.

Mumbuni ni kitongoji cha mji huo wa Machakos, mahali pa shule na makanisa. Mtu wa Pwani akijikuta katika arusi ya kanisani sehemu hizo, asishangae akimwona bwana arusi mwenye mvi na bibi arusi mwenye wajukuu, na watoto wao wazima wamekaa nyuma yao wamevaa nguo mpya. Si mzaha, wala hao si wajane waliopata wenzi wapya. Ni mtu na mkewe wa miaka mingi, waliokwisha kuoana zamani, na sasa wanaoana tena wao kwa wao.

Ili jambo hili lieleweke yafaa kwanza tuijue ntheo. Kwa Wakamba, mwanamume aliyechumbia hupeleka mbuzi kwa wazazi wa mwanamke, kwa kawaida watatu, na mbuzi hao ndio ntheo. Ng'ombe na fedha za mahari zaweza kufuata polepole, hata kwa miaka, lakini pasipo ntheo hapana ndoa. Bingwa wa sheria Eugene Cotran, aliyekusanya mila za ndoa za makabila ya Kenya katika kitabu chake cha 1968, aliliandika jambo hilo, na mahakama za Kenya zimekuwa zikiuliza swali lile lile kila mjane anapokuja kudai haki yake: je, ntheo ilipelekwa? Hata kuachana kuna mbuzi wake. Huyo huitwa mbuzi wa ulee, yaani wa kukataana. Baba wa mke akimrudisha na mume akampokea, mambo yamekwisha. Sisi tunaojua talaka na khului hatuoni ajabu sana hapo. Ni mlango wa kutokea, na kila mtu aujua ulipo.

Kanisa lilipokuja liliufunga mlango huo. Na jambo la kuangaliwa ni kwamba njia ya kanisa kwenda Ukambani ilipita kwetu. Johann Ludwig Krapf alitoka Rabai akafika Ukambani mwaka 1849. Miaka mitano kabla ya hapo, Julai 1844, alimzika Mombasa mkewe Rosina pamoja na mtoto wao mchanga. Peter Cameron Scott na wenzake walishuka Mombasa mwaka 1895, wakapanda bara na kufungua kituo chao cha kwanza Nzaui, katika nchi hiyo hiyo ya Wakamba. Scott aliishi mwaka mmoja tu baada ya hapo, akafa Desemba 1896, lakini misheni yake ndiyo iliyozaa Kanisa la Afrika Inland, na chuo cha dini kilichopewa jina lake kilifunguliwa mjini Machakos mwaka 1962. Wakatoliki nao wakapata jimbo lao la Machakos mwaka 1969. Na kama msomaji anadhani mambo haya yako mbali nasi, akumbuke kwamba Martin Kivuva Musonde, aliyekuwa askofu wa Machakos tangu 2003, ndiye aliyeteuliwa mwishoni mwa 2014 kuwa Askofu Mkuu wa Mombasa.

Mafundisho yao yalikuwa mepesi kuyasema na mazito kuyabeba: mume mmoja, mke mmoja, mpaka mauti. Mzee mwenye wake watatu akitaka kubatizwa aliambiwa abaki na mmoja. Maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth, London, mwaka 1888, waliamua kwamba mwenye mitala asibatizwe mpaka hali yake ibadilike, ingawa wake zake, kwa hali fulani, wangeweza kubatizwa. Lakini wale wawili wanaoachwa waende wapi? Walioolewa kwa ntheo halali, wakazaa, wakalima mashamba. Hawakufanya kosa. Mume anaingia dini, mke anatoka nyumbani. Mwislamu, ambaye dini yake imemwekea mume mpaka wa wake wanne na sharti la uadilifu, haoni vigumu kuwahurumia wanawake hao, na kwa haki ni lazima isemwe kwamba Wakristo wenyewe waliwahurumia pia. Iliwachukua miaka 100 kamili. Katika mkutano wa Lambeth wa 1988, wakati sauti za maaskofu wa Afrika zilipokuwa zimepata nguvu, iliamuliwa kwamba mwenye mitala aweza kubatizwa pamoja na wake zake na watoto wake bila ya kulazimishwa kumwacha yeyote, ila aahidi kutooa tena maadamu wake zake wako hai. Si makanisa yote yaliyoufuata uamuzi huo.

Upande wa pili wa shilingi haupaswi kufichwa. Sheria ya ndoa za Kikristo za Waafrika, ile ya 1931, ilimpa mjane uhuru ambao mila haikumpa: mumewe akifa, hakulazimika kukaa na shemeji yake wala ndugu yeyote wa marehemu. Kwa mwanamke aliyekuwa akihofu kurithiwa kama shamba, pete ya kanisani ilikuwa hirizi.

Sasa turudi kwa wale wazee wetu wenye wajukuu. Vijana wengi huanza kwa ntheo peke yake, kwa sababu arusi ya kanisani imekuwa ghali: gauni, magari, keki, hema, chakula cha kijiji kizima. Huahirisha mwaka huu na mwakani, na watoto wanazaliwa. Machoni pa ukoo wao ni mke na mume barabara. Machoni pa serikali pia, kwani Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua ndoa ya mila sawa na ya Kikristo, ya Kihindu, ya kiserikali na ya Kiislamu, bora iandikishwe. Lakini machoni pa padri wanaishi bila ya baraka, na siku ya ushirika, wenzao wanapokwenda kupokea, wao hubaki wamekaa. Jumapili baada ya Jumapili. Mtu asiyeyajua maisha ya kanisa hawezi kuupima uzito wa kubaki kwenye benchi namna ile mbele ya watoto wako na majirani.

Ndiyo sababu ya zile arusi za uzeeni. Hutokea kanisa likawaita watu wa namna hiyo wengi kwa pamoja, likawafungisha ndoa siku moja, gharama wakagawana. Sheria ya 2014 nayo imeweka njia: ndoa yenye nafasi ya mitala yaweza kugeuzwa kuwa ya mke mmoja iwapo wote wawili watatamka kwa hiari yao kwamba ndivyo watakavyo, na mume awe hana mke mwingine. Neno hilo "wote wawili" lina maana kubwa. Mke naye huulizwa.

Na hapa ndipo penye jambo lililonifanya niandike. Kabla ya siku hiyo kuna mafunzo ya ndoa. Mume na mke, au wachumba, hukaa mbele ya mchungaji au padri pamoja na mtu na mkewe waliokomaa katika ndoa, ambao ndio wasimamizi wao. Hufundishwa mambo ya fedha, ya wakwe, ya ugomvi, ya watoto, na ya chumbani pia, kwa heshima. Vitabu vipo vingi. Mjerumani Walter Trobisch, mmisionari aliyefanya kazi Kameruni, aliandika cha kwanza chake mwaka 1962 kutokana na barua baina yake na kijana mmoja wa Kiafrika, na kikasomwa Afrika nzima. Aliijenga ndoa juu ya mambo matatu: kuwaacha wazazi, kuambatana, na kuwa mwili mmoja. Papa Francis, katika waraka wake wa 2016 juu ya familia, alisisitiza maneno matatu yasiyopaswa kukosekana nyumbani, ambayo kwa Kiswahili chetu ni hodi, ahsante na samahani. Nilifurahi kuona kwamba la kwanza ni la kuomba ruhusa. Sisi twapiga hodi kwa jirani, lakini ni wangapi hupiga hodi kwa wake zao?

Mafunzo hayo hugusa hata donda la wasiozaa. Mila ya Kikamba ilimpa mwanamke tasa njia yake: aliweza kumtolea mahari mwanamke mwingine, aitwaye iweto, ili watoto atakaowazaa wawe wa nyumba yake. Kanisa halikubali hayo. Husema ndoa ni kamili hata bila ya mtoto, na hilo ni gumu kumwambia mkwe anayengoja mjukuu.

Kwetu Pwani hatukukosa mafunzo. Somo na kungwi walikuwapo kabla ya misheni yoyote, na Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye utenzi wake mwaka 1858, ambao hadi leo wanazuoni wa Ulaya wanausoma. Lakini tazama vizuri: kungwi humfunza mwari. Mwana Kupona alimwandikia binti. Bwana arusi wetu husikiliza hutuba ya nikaha, hupeana mkono na walii, hula biriani, basi. Nani alikaa naye jioni sita, mkewe akiwa pembeni, akamweleza jinsi ya kuongea na mke aliyekasirika? Si kwamba dini yetu haina la kumwambia. Qurani imeitaja ndoa kuwa ni mapenzi na huruma baina ya wawili, na Mtume (S.A.W.) alihesabu ubora wa mtu kwa wema wake kwa watu wa nyumbani kwake. Maneno tunayo. Benchi la kuwaketisha wote wawili ndilo adimu.

Sisemi kwamba benchi la Mumbuni huponya kila kitu. Watu wengi wa Ukambani wamefanya kazi reli, jeshini na bandarini Kilindini, na aliyefunga ndoa ya kanisani Machakos amepata kuonekana Mombasa na nyumba ya pili. Kisheria hawezi kuoa tena, kwa hiyo mwanamke huyo wa Mombasa si mke. Siku ya matanga ndipo wanawake wawili hujuana. Padri hawezi kukaa na mume saa zote. Na kwa mke anayepigwa, mlango uliofungwa si baraka. Serikali imeacha njia ya mahakamani kwa sababu kama ukatili, uzinzi na kutelekezwa, lakini Kanisa Katoliki halihesabu talaka hiyo kuwa imevunja ndoa, na wengi huvumilia mahali ambapo pengine hawakupasa kuvumilia.

Wale wazee wa Jumamosi, hata hivyo, hawana habari na haya yote. Pete zimevishwa, picha zimepigwa, wajukuu wamekula keki. Kesho yake ni Jumapili, na wakati wa ushirika ukifika watasimama, mzee mbele na mkewe nyuma yake, au pengine mke mbele, watoke kwenye benchi waingie kwenye mstari pamoja na wengine.