Kiambaza Kilichooza Hakifai Kutiwa Kiraka

Miongoni mwa magari ya wasafiri wa masafa marefu yapo yale ambayo kwa mtazamo wa kwanza hayatofautiani na pikapu ya kawaida iliyobebeshwa sanduku fupi la bati. Gari la namna hiyo likisimama jioni, mwenyewe huingia ndani, husukuma paa juu kwa mikono miwili, na mara lile sanduku hugeuka chumba ambamo mtu mrefu aweza kusimama wima. Kuta zake za juu ni turubai lenye madirisha ya wavu, kitanda kiko juu ya kichwa cha gari, na jiko dogo liko ubavuni. Asubuhi paa hushushwa, sanduku hufungwa, na safari huendelea.

Kwetu sisi watu wa jeshi na polisi, gari hili laweza kuwa geni kwa sura, lakini kwa tabia tunalifahamu. Vyumba vya mawasiliano, vya kamandi na vya tiba vinavyobebwa na magari hutegemea kanuni ile ile, yaani kitu kidogo barabarani kigeuke kitu kikubwa kambini. Kwa hiyo yanayolipata gari la msafiri katika mvua na vumbi la Juba yana mafunzo kwa kila anayekabidhiwa chombo cha kukunja na kukunjua.

ASILI YA PAA LINALOINUKA

Ufundi huu ulienea baada ya Vita Kuu ya Pili. Huko Ujerumani, karakana ya Westfalia ilianza mwaka 1951 kutengeneza vifaa vya kulalia ndani ya magari ya Volkswagen. Huko Uingereza, magari ya Dormobile yaliyoundwa mjini Folkestone yalijulikana kwa paa lao lililoinuka upande mmoja. Mwaka 1972, nchini Marekani, ilianzishwa kampuni ya Four Wheel Campers, ambayo vyumba vyake hubebwa na pikapu na mapaa yake huinuliwa kwa mbao za kukunja. Hapa Afrika Mashariki, mafundi wa Nairobi na Arusha wamekuwa wakiunda magari ya kutazamia wanyama ambayo paa lake huinuka ili watalii wasimame.

Juba nayo ina nafasi yake katika habari hii. Kabla ya vita vilivyozuka mwaka 1983, wasafiri wa nchi kavu waliotoka Khartoum kwenda Nairobi walipita katika mji huu. Baada ya amani ya mwaka 2005 na uhuru wa tarehe 9 Julai 2011, magari ya kila aina yaliingia tena. Barabara ya lami ya Juba hadi Nimule, yenye urefu wa kilometa 192, ilikamilika mwaka 2012, na Daraja la Uhuru juu ya mto Nile likafunguliwa mwaka 2022. Lakini ukiiacha lami hiyo, unakutana na changarawe, makorongo na tope. Hapo ndipo mbao zinapopimwa.

KAZI YA KIAMBAZA

Paa la chumba hiki halibebwi na turubai. Linabebwa na viambaza viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma. Kila kiambaza kimefanywa kwa mbao mbili pana zilizounganishwa katikati kwa bawaba ndefu. Ubao wa juu umefungwa kwa bawaba kwenye paa, na ubao wa chini umefungwa kwenye ukingo wa sanduku. Paa likishushwa, mbao hizo hukunjika katikati kuelekea ndani na kulaliana. Paa likisukumwa juu, hunyooka na kusimama wima, kisha bawaba ya katikati hupita kidogo mstari wa wima, turubai likakaza, na paa likatulia.

Msomaji na atafakari uzito unaotegemea mbao hizo. Paa lenye urefu wa mita 3 na upana wa mita 2 likituamisha milimita 10 tu za maji ya mvua, limebeba lita 60, yaani kilo 60. Ongeza madumu mawili ya dizeli yaliyosahauliwa juu, kila moja la lita 20, na gurudumu la akiba. Chini ya mzigo huo wote amelala mtu. Pengine ni dereva aliyechoka, pengine ni mgonjwa anayesubiri kupambazuke apelekwe hospitali. Kiambaza kikikatika usiku, hana nafasi ya kukimbia.

ADUI WA MBAO

Adui wa kwanza ni maji. Juba hupata zaidi ya milimita 900 za mvua kwa mwaka, na nyingi hunyesha kati ya Aprili na Oktoba. Maji hayapenyi katikati ya plaiwudi iliyopakwa rangi. Hupenya kwenye kingo zilizokatwa na kwenye matundu ya skrubu. Tena yapo maji ambayo watu hawayafikirii. Pumzi za waliolala hugeuka umande juu ya turubai, asubuhi turubai hukunjwa likiwa bichi, nalo hukaa siku nzima limegusana na ubao ndani ya sanduku lenye joto. Baada ya misimu michache tabaka za plaiwudi huachana kama kurasa za kitabu kilicholowa.

Adui wa pili ni mtikisiko. Barabara mbovu huzitikisa skrubu usiku na mchana, matundu yakapanuka, bawaba ikalegea, na vumbi likaingia kwenye pini yake na kuisaga kama msasa. Adui wa tatu ni sisi wenyewe, tunapopakia juu ya paa mizigo ambayo paa halikuundiwa, au tunapoliinua kwa pupa kabla ya kufungua vifungo vyote vya nje.

Dalili zake hazifichiki. Paa huinama upande mmoja. Ubao hubonyea ukisukumwa kwa kidole gumba. Skrubu huzunguka bila kukaza. Hapo aghalabu huja fundi wa haraka akapigilia kipande cha bati juu ya sehemu iliyooza, akaongeza skrubu ndefu zaidi, akapokea ujira wake. Bati hilo huuficha uozo, tena huzuia maji yasitoke. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kiambaza kilichokwisha kuoza, wakati wa kuziba ufa umepita. Kinachotakiwa sasa ni kujenga ukuta.

JINSI YA KUJENGA UPYA

Kazi hii yafaa ifanywe kiangazi, kati ya Desemba na Machi, mbao zikiwa kavu. Jambo la kwanza, kabla ya kugusa skrubu hata moja, ni kuliinua paa na kulitegemeza kwa nguzo nne imara, moja kila pembe, zilizosimama juu ya sakafu ya chumba na kufungwa zisiteleze. Asifanye mtu kazi chini ya paa lililoshikwa na mwenzake kwa mikono, wala lililoegemea jeki peke yake. Kisha vifunguliwe viambaza kimoja kimoja, ili kimoja kibaki kuwa shahidi wa jinsi chote kilivyokaa.

Jambo la pili ni vipimo. Kiambaza cha zamani, hata kikiwa kimeoza, kisitupwe. Hicho ndicho kielelezo. Ubao wa juu na wa chini aghalabu haulingani urefu, na tofauti hiyo ndiyo inayowezesha mbao kulaliana vizuri. Fundi na apime urefu, upana na unene wa kila ubao, na aweke alama mahali pa kila bawaba. Kisha apime kona kwa kona. Vipimo viwili vya kona vikilingana, ubao umenyooka pembe zake. Visipolingana, paa litapinda.

Unene nao ni mtego. Mtu akikosa plaiwudi ya unene wa awali, hununua nene zaidi akidhani ameongeza nguvu. Tuseme kila ubao umezidi milimita 3. Mbao mbili zikilaliana, zimezidi milimita 6. Paa halitakaa tena juu ya mpira wake wa kuzuia maji, vifungo vitavutwa kwa nguvu, na mvua ya kwanza itaingia kwenye godoro. Unene wa awali ni amri.

Jambo la tatu ni kuukinga ubao kabla haujafungwa. Kingo zote zinyweshwe gundi ya epoksi au vanishi mara tatu, kila mara iachwe ikauke. Kwa matundu ya skrubu, mafundi wa mashua wana desturi njema. Toboa tundu kubwa kuliko skrubu, lijaze epoksi, liache ligande, kisha toboa tundu dogo katikati yake. Skrubu itauma kwenye epoksi, na maji hayataufikia ubao. Ukingo wa sanduku ulioliwa na matundu ya zamani uzibwe kwa vigingi vya mti na gundi kabla ya kutobolewa upya. Bawaba mpya na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu.

MTI ULIO KARIBU

Wengi husubiri vipuri kutoka ng'ambo, gari likilala miezi. Lakini mti mmoja kati ya miti bora duniani kwa kazi ya maji uko karibu. Mtiki, ambao wengine huuita msaji, ulipandwa Ikweta tangu enzi za Waingereza, na mashamba yake yako Loka na Kegulu upande wa Yei. Mafuta yaliyomo ndani yake huuzuia usioze upesi, na ndiyo sababu majahazi ya Bahari ya Hindi yaliundwa kwa mti huo. Mtiki ni mzito, kwa hiyo haufai kuwa kiambaza kizima. Unafaa sana kwa fremu nyembamba ya kuzunguka plaiwudi na kwa ukingo ambamo bawaba hushika. Ila ufutwe kwanza kwa thina mahali pa kugundisha, maana mafuta yale yale yanayozuia uozo huizuia na gundi isishike.

Plaiwudi ya kustahimili maji huletwa kwa njia ya Nimule, na seremala wa kuipiga randa fremu hiyo hakosekani katika mji wenye soko kama Konyo Konyo. Asiyekata tamaa haraka atapata alichohitaji.

KABLA YA KULALA

Kazi ikiisha, paa liinuliwe na kushushwa mara kumi bila mzigo, macho yakitazama kama mbao zinakunjika sawa na vidole viko mbali na bawaba. Kisha limwagiwe maji kwa ndoo na kuachwa usiku mmoja. Kisha gari lipelekwe kwenye barabara mbovu, lirudi, na kila skrubu ikazwe upya. Baada ya hapo ndipo mtu alale ndani. Na tangu siku hiyo, turubai lililolowa lifunguliwe likauke mara tu mvua ikikatika.

Askari hukaguliwa silaha yake hata siku ambayo hakuna vita. Kiambaza nacho kikaguliwe kwa kidole gumba kila mwezi, kabla mvua haijakikagua yenyewe usiku.