Kijana anapoomba kusomeshwa kilimo chuo kikuu: mambo ya kuangalia

Katika parokia nyingi za Musoma, Bunda na Butiama, kamati huletewa maombi ya vijana wanaotaka kusaidiwa ada ya chuo. Wengi huomba kusomea ualimu, uuguzi au sheria. Ombi la kilimo linapofika, wajumbe wengine hushangaa na kuuliza: "Jembe amelishika tangu utoto, chuo kikuu kitamwongezea nini?" Swali hilo ni la haki, na makala hii inajaribu kulijibu. Pia inaeleza ni wakati gani msaada wa parokia una nguvu zaidi, maana mara nyingi fedha humfikia kijana akiwa amekwisha kupita njia panda iliyokuwa muhimu kuliko zote.

Vyuo vilivyopo

Chuo kikuu cha umma kinachojulikana zaidi kwa kilimo ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Kilianza mwaka 1965 kama chuo cha kilimo, baadaye kikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwezi Julai 1984 kikawa chuo kikuu kamili. Kilipewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari karibu na Morogoro mwezi Aprili mwaka huohuo. Kwa kijana wa Mara, kwenda huko ni safari ya basi ya zaidi ya kilomita 1,000.

Hapa kwetu kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, chenye makao yake Butiama. Ni chuo cha umma, na ujenzi wake umo katika mradi wa elimu ya juu ujulikanao kama HEET, ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425 kwa nchi nzima. Kabla ya kumshauri kijana, kamati iangalie mwongozo wa udahili unaotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), ili kuona kila chuo kinapokea wanafunzi wa kozi zipi mwaka huo.

Kilimo si kozi moja

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kilimo chuo kikuu ni somo moja. Ni kozi nyingi, na kila moja inagusa jambo tunaloliona hapa mkoani.

Anayesoma sayansi ya mimea hujifunza udongo, mbegu, wadudu na magonjwa. Wakulima wetu wa mihogo wanajua hasara ya batobato na michirizi ya kahawia, ugonjwa unaoozesha kiazi ardhini wakati mmea kwa juu unaonekana mzima. Kujua chanzo chake, na kupata mbegu safi zinazostahimili, ni kazi ya wataalamu kama wale wa kituo cha utafiti cha Ukiriguru, mkoani Mwanza. Pamba ya Bunda nayo inahitaji wataalamu, kuanzia mbegu na dawa hadi ubora wake inapofika kiwandani.

Anayesoma udaktari wa mifugo hukaa chuoni miaka 5, wakati kozi nyingi za kilimo ni miaka 3 na uhandisi wa kilimo ni miaka 4. Ndigana kali, inayoletwa na kupe, huua ndama wengi, na mfugaji anayenunua dawa dukani bila ushauri hupoteza ng'ombe na fedha pamoja.

Wako wanaosoma ufugaji wa samaki, na vizimba vya sato katika Ziwa Victoria vinawahitaji. Wako wa sayansi ya chakula, ambao kazi yao ni kufanya dagaa au unga wa muhogo udumu na ukubalike sokoni. Wengine husoma uchumi wa kilimo na kwenda kwenye vyama vya ushirika na benki. Wahandisi hushughulikia mabwawa, mifereji na mashine. Ipo hata shahada ya usimamizi wa wanyamapori, na wananchi wa vijiji vya Bunda ambao tembo wa Serengeti huingia mashambani mwao hawahitaji kuelezwa faida yake.

Njia panda iko kidato cha pili

Hapa ndipo tunapoomba kamati zisome kwa makini. Sifa ya chini ya kuingia chuo kikuu kutoka kidato cha sita ni kufaulu masomo mawili kwa kiwango cha "principal" yenye jumla ya pointi 4, na kila kozi ina masharti yake juu ya hapo. Kwa kozi nyingi za kilimo masomo hayo ni Kemia na Baiolojia, pamoja na Jiografia, Fizikia au Kilimo. Uchumi wa kilimo unaweza kumpokea aliyesoma Uchumi, Jiografia na Hisabati.

Sasa turudi nyuma. Huwezi kusoma Kemia kidato cha tano kama hukuifaulu kidato cha nne, na wanafunzi wengi huacha Fizikia na Kemia wanapoingia kidato cha tatu. Katika shule ya kata isiyo na mwalimu wa Kemia wala maabara yenye vifaa, mtoto huziacha si kwa kukosa akili, bali kwa kukosa wa kumfundisha. Siku hiyo mlango wa kozi nyingi za kilimo unakuwa umefungwa, na hakuna barua ya parokia itakayoufungua miaka minne baadaye. Hata chuo kikijengwa mlangoni pake, ukaribu wake hautamsaidia.

Ipo njia ya pili, nayo isidharauliwe. Aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu masomo manne, yakiwemo ya sayansi, anaweza kuomba cheti au stashahada katika vyuo vya kati, kama chuo cha kilimo Ukiriguru au chuo cha mifugo Mabuki, vyote vikiwa Mwanza. Akimaliza stashahada kwa wastani wa 3.0 au zaidi anaweza kuomba shahada. Njia hii ni ndefu, lakini katikati yake anakuwa tayari na ujuzi wa kumpatia riziki.

Gharama na mkopo

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutoa mkopo kwa ada, chakula na malazi, vitabu, mahitaji ya kitivo, utafiti na mafunzo kwa vitendo, kwa kadiri ya uhitaji wa mwombaji. Si kila mmoja hupata, na si kila apataye hupata vyote. Akiajiriwa, mnufaika hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi deni liishe.

Vijana wengine hukosa mkopo kwa sababu ya karatasi tu. Bodi hudai cheti cha kuzaliwa, na kwa yatima vyeti vya vifo vya wazazi, vikiwa vimehakikiwa na RITA. Mzee aliyezikwa kijijini miaka kumi iliyopita mara nyingi hana cheti hicho. Kamati inayomsaidia yatima kukipata mapema, kwa nauli na barua, huenda ikamwezesha kupata mkopo wenye thamani kubwa kuliko mchango wote wa parokia.

Je, kazi zipo?

Tuseme ukweli kwa wafadhili wetu. Serikali huajiri maafisa ugani, watafiti na wakaguzi wa mbegu na mazao kupitia Sekretarieti ya Ajira, lakini wahitimu ni wengi kuliko nafasi, na usaili una ushindani mkali. Baadhi husubiri miaka. Kampuni za mbegu na dawa, viwanda vya pamba, mashirika ya maendeleo na shule huchukua wengine. Wapo wanaofungua duka la pembejeo, bustani ya mboga au mradi wa kuku, nao hukwama kwa mtaji na ardhi. Mwajiri huuliza kwanza kijana amefanya nini kwa mikono yake, ndipo aangalie cheti.

Tunachopendekeza

Kwanza, sehemu ya mfuko wa elimu itumike kulipia masomo ya ziada ya Kemia, Baiolojia na Hisabati kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili. Pili, kila kamati iwe na mjumbe mmoja wa kufuatilia vyeti vya RITA na tarehe za maombi ya mkopo. Tatu, parokia yenye shamba au mifugo imkaribishe mwanafunzi wa kilimo wakati wa likizo, apewe eka moja, kazi na msimamizi, na mwishoni atoe taarifa mbele ya waumini.

Kwa kufanya hivyo mfadhili ataona fedha yake ikifanya kazi hata kabla ya mahafali, na mkulima wa jirani atajionea mwenyewe kile chuo kikuu kinachoweza kumwongezea mtu aliyezaliwa na jembe mkononi.