Jiko la Gesi la Kuchomea Nyama: Lisafishe Bila Kuungua na Bila Kukatwa Mshahara

Miezi ya baridi ikiingia huku Ghuba, kuanzia Novemba hadi Machi hivi, familia nyingi hupenda kula nje. Oman wanachoma mishkak, ndugu yake mishikaki yetu, wageni wanajaa, watu wanakula mpaka usiku. Asubuhi jiko lililoganda mafuta linakusubiri wewe, dada.

Utauliza, hili nalo linahusu nini akiba? Linahusu sana. Mkono ukiungua hufanyi kazi, na mwezi huo ada ya mtoto nyumbani haiendi. Na jiko likiharibika, wapo mabosi watakaotaka kulikata kwenye mshahara wako. Basi tulifahamu vizuri.

Kwanza, gesi

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, inatambaa chini na kujikusanya. Ndiyo maana mtungi hukaa nje, umesimama wima, haulazwi na hauwekwi stoo.

Kabla ya kuwasha, changanya sabuni ya vyombo na maji, paka kwenye mpira na kwenye maungio yote, kisha fungua mtungi huku jiko limezimwa. Ukiona mapovu yanafura, gesi inavuja. Funga mtungi, mwambie madam, usiwashe. Usijaribu kamwe kutafuta uvujaji kwa kiberiti. Ndugu zetu wa saiti mnaopikia kambini, kipimo hiki ni chenu pia.

Wakati wa kuwasha, mfuniko uwe wazi. Gesi ikijaa ndani ya jiko lililofunikwa halafu ukabonyeza kiwashio, moto unakurukia usoni. Isipowaka haraka, zima, acha wazi dakika tano, ndipo ujaribu tena.

Kusafisha, hatua kwa hatua

1. Mwaga mafuta ya kwenye trei kwanza. Trei iliyojaa ndiyo inayoshika moto. Mafuta yakiwa yamepoa yatie kwenye kopo na uyatupe na taka, usiyamwage kwenye sinki, yataziba bomba.

2. Washa jiko, funika, acha dakika 10 hadi 15 ili mabaki yakauke. Usiondoke hapo.

3. Zima, funga na mtungi. Wavu ukiwa vuguvugu tu, sugua kwa brashi. Brashi ya waya iliyochakaa ni hatari: nyuzi zake hukatika, zikanasa kwenye wavu na kuishia kooni mwa mtu. Kagua wavu kwa macho, kisha ufute kwa kitambaa kibichi.

4. Jiko likipoa kabisa, toa wavu, uoshe kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo. Ndani kwangua kwa kitu cha plastiki. Usimwage maji kwenye mabomba ya moto.

5. Angalia vitundu vya moto. Vikiziba, zibua kwa waya mwembamba bila kuvipanua. Moto mzuri ni wa bluu. Ukiwa wa njano na masizi mengi, kuna uchafu, au buibui amejenga ndani ya bomba.

6. Kausha. Wavu wa chuma cha kusubu upake mafuta ya kupikia kidogo, maana pwani chumvi ya hewani inaleta kutu haraka. Funika jiko likiwa baridi.

Nje pakiwa pa chuma cha pua, futa kwa kitambaa laini kufuata mistari yake. Chuma cha kusugulia sufuria kinaacha mikwaruzo, na mkwaruzo ndio wa kwanza kuonwa na bosi. Jiki usiitumie hapa, na usiichanganye kamwe na dawa ya choo. Moshi wake ni sumu.

Moto ukitokea

Mafuta yakishika moto usimwagie maji, yatalipuka. Zima jiko, funga mtungi kama unaufikia salama, funika mfuniko, toka. Piga simu: Oman 9999, Falme za Kiarabu 997, Saudia 998, Qatar na Bahrain 999, Kuwait 112. Kwa Kiarabu sema "fii tasriib ghaaz", yaani gesi inavuja. Ukiungua, weka mkono chini ya maji ya bomba yanayotiririka dakika 20. Usipake dawa ya meno wala siagi.

Linda mfuko wako

Kabla hujaanza, piga picha jiko lilivyo. Ukikuta kutu, ufa au mpira uliochakaa, mtumie madam picha kwa simu siku hiyohiyo, usingoje aulize. Picha yenye tarehe ni shahidi wako.

Mpira, brashi na sabuni ni vya mwenye nyumba, si vya kununua kwa mshahara wako. Ukilazimika kununua, tunza risiti na uidai pesa yako kabla ya mwisho wa mwezi. Riali mbili tatu zinazopotea hivi kila mwezi ni zilezile ambazo ungezituma nyumbani.