Barua ya Kuomba Mapendekezo ni Nini?

Ndugu Wanachama,

Chama kikitaka magunia, kazi ni nyepesi: twajua kipimo, twajua idadi, twauliza bei, na mwenye bei nafuu hupewa. Lakini mtambo wa kukaushia karafuu siku za mvua si gunia. Mmoja ataleta wa kuni, mwingine wa jua, na bei peke yake haitatuonyesha upi utufaao. Hapo ndipo huandikwa barua ya kuomba mapendekezo.

Barua hiyo hueleza haja yetu, si chombo: pishi ngapi kwa siku, mahali gani, na siku ya mwisho ya kupokea majibu. Tena hutaja mapema alama zitakavyogawanywa baina ya ubora, matengenezo na bei. Wauzaji wote hupata barua moja. Majibu huja katika bahasha zilizofungwa, zikafunguliwa pamoja mbele ya mashahidi.

Asiyeandika haja yake sawasawa huuziwa asichokitaka. Nayo karafuu mbichi haingoji. Isipokauka upesi huharibika ikawa mpeta, na hasara ni yetu. Basi kila mwanachama atuletee hesabu ya pishi alizochuma kwa siku msimu uliopita, barua ipate kuandikwa kwa hakika.

Wabillahi taufiq.

Katibu