Bieli ya pikipiki: juu ya nini iliyofuliwa inashinda iliyomiminwa?

Pikipiki inapanda mlima wa Ngomo, barabara ya Bukavu–Uvira, ikiwa na watu wawili na mizigo. Mara injini inapiga kelele moja na kuzima. Kwenye garaji, fundi anafungua na kukuta bieli imekatika, imetoboa karteri. Sasa hasara si ya piesi moja, ni ya injini nzima.

Bieli ni ule mkono wa chuma unaounganisha pistoni na vilebrekeni. Injini ikizunguka mara 6000 kwa dakika, bieli inasukumwa na kuvutwa mara 100 kila sekunde. Kukiwa na kasoro ndogo ndani ya chuma, ufa unaanzia pale pale.

Ndiyo sababu bieli nyingi zinafuliwa. Kazi inafanana na ya mhunzi wa majembe kijijini, ila hapa kuna kalibu mbili za chuma kigumu sana, moja chini, moja juu. Kila moja imechongwa nusu ya umbo la bieli. Kipande cha chuma kinapashwa moto hadi karibu digri 1200: kinakuwa laini bila kuyeyuka. Kinawekwa kwenye kalibu ya chini, ile ya juu inashuka kwa nguvu ya nyundo kubwa ao presi, na chuma kinajaza kila kona. Kinachozidi kinatoka pembeni kama ukingo mwembamba, kisha kinakatwa. Baadaye piesi inatiwa tena moto na kupozwa kwa vipimo ili ikomae, na matundu yake yanachongwa sawasawa.

Faida iko ndani. Nyuzi za chuma zinajikunja kufuata umbo la bieli, sawa na nyuzi za mti zinavyofuata tawi. Lakini chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa hakina nyuzi hizo, na kinaweza kubakiza vitundu vya hewa visivyoonekana kwa macho.

Kalibu hizo ni ghali, kwa hiyo kiwanda kinapata faida kikifua piesi maelfu.

Kwa mnunuzi, aangalie ubavuni. Bieli iliyofuliwa mara nyingi inaonyesha alama pana pale ukingo ulikatwa; iliyomiminwa inaacha mstari mwembamba, na ngozi yake inakwaruza kama mchanga. Alama hiyo peke yake haitoshi, juu mstari unaweza kusuguliwa. Kabla ya kulipa, aende na fundi wake, alinganishe na bieli ya zamani.