"Da Vinci Code": shirika la siri la mwaka 1099 lilianza mwaka 1956

Riwaya "The Da Vinci Code" ya Mmarekani Dan Brown, iliyotoka mwaka 2003, inamhakikishia msomaji tangu mwanzo kwamba Prieuré de Sion ni shirika la siri la kweli, lililoundwa mwaka 1099.

Karatasi za serikali ya Ufaransa zinasema mengine. Shirika la jina hilo liliandikishwa mwaka 1956 katika Haute-Savoie na Pierre Plantard na wenzake. Katika miaka ya 1960, hati za uongo ziliwekwa katika Maktaba ya Taifa mjini Paris, zikimtaja Leonardo da Vinci kuwa mmoja wa wakubwa wake.

Wasomaji wengi walienda katika kanisa la Saint-Sulpice, Paris, kutafuta dalili za siri hiyo. Ikabidi kanisa libandike tangazo: herufi P na S kwenye madirisha ni za watakatifu Petro na Sulpice, na mstari wa shaba sakafuni ni chombo cha elimu ya nyota cha karne ya 18.

Nguvu ya hadithi hizi iko hapo. Kanisa lipo, mchoro upo. Mtu akishaviona kwa macho yake, anaamini na yale yaliyotungwa.

Mwezi wa nne 2006, Askofu Mkuu Angelo Amato wa Vatikano aliwaomba Wakatoliki wasusie filamu ya Ron Howard iliyotokana na riwaya hiyo. Hata hivyo, filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 700 duniani.