Barafu za matunda kwa watoto: utamu uanze kwenye maji salama

Saa za mchana, masomo yanapotoka mjini Baraka, watoto wengi hawaendi moja kwa moja nyumbani. Wanasimama kwanza fasi kuna mwenye kuuza barafu. Ni sashe ndogo, nyekundu, ya kijani ao ya manjano. Mtoto anatoboa pembe kwa meno, ananyonya mpaka sashe inabaki tupu. Bei yake ni ndogo, na kwenye joto la kando ya Ziwa Tanganyika hakuna mtoto wa kuikataa.

Lakini ndani ya sashe ile kuna nini? Mara nyingi ni maji, sukari nyingi na unga wa rangi. Tunda hakuna. Na hata mzazi akiichunguza vipi, kuna jambo moja hawezi kuliona kwa macho: maji yale yalichotwa wapi, na kama yalichemshwa.

Wakati huohuo, majira ya maembe yanapofika katika teritware ya Fizi, matunda yanaanguka chini ya miti na kuoza. Papai, ndizi, nanasi na marakuja vinapatikana sokoni. Kwa hiyo mama ao baba mwenye kupata frigo, hata ya jirani, anaweza kutengeneza barafu nzuri nyumbani kwa matunda yaleyale. Kazi yenyewe ni nyepesi. Kitu kigumu ni kimoja tu, nacho ni maji.

Baridi haiui vijidudu

Watu wengi wanaamini kwamba kitu kikiganda, vijidudu vyake vimekufa. Sivyo. Baridi inapunguza baadhi ya vijidudu na inavilaza vingine. Barafu ikiyeyuka mdomoni, vile vilivyobaki vinaamka na kuendelea na kazi yao. Kijidudu cha kolera ni kimojawapo: kinaweza kuishi ndani ya barafu siku nyingi.

Kwa wakaaji wa kando ya ziwa hili, jambo hilo sio la mbali. Kolera iliingia mashariki ya Kongo mwaka 1978 kupitia upande wa Ziwa Tanganyika, na tangu hapo haijaondoka kabisa. Inatulia, kisha inarudi. Mwaka 1991, wakati kolera ilipoanza nchini Peru na kusambaa katika Amerika ya Kusini, wachunguzi walikuta kwamba barafu na vinywaji baridi vya barabarani vilikuwa kati ya njia zilizopitisha ugonjwa.

Maji ya ziwa yanadanganya macho. Ni meupe, mtu anaona mchanga chini. Lakini weupe wa maji hauonyeshi kama yana vijidudu ao hapana. Ziwa lilelile watu wanaoga, wanafua nguo, wanachota maji ya kunywa, na mvua ikinyesha uchafu wote wa mlimani unashuka humo. Hata maji ya bomba ao ya kisima yanaweza kuchafuka njiani, ndani ya bidoni isiyooshwa vizuri.

Kwa hiyo kanuni ni moja: maji yanatengenezwa kwanza, ndipo yanagandishwa.

Njia ya kwanza ni kuchemsha. Maji yenye vumbi ao udongo yachujwe kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Kisha yawekwe motoni mpaka yatokote kwa nguvu, na yaachwe yatokote dakika 1 nzima. Kwa familia za huko juu milimani, kama vile Minembwe, fasi maji yanatokota kabla ya kupata moto wa kutosha, yaachwe dakika 3. Halafu yapoe ndani ya sufuria ileile, ikiwa imefunikwa.

Njia ya pili ni dawa ya klorini, ya vidonge ao ya maji. Hapa kipimo kinafuata maandishi ya pakiti, sababu vidonge havina nguvu sawa: kimoja ni cha lita chache, kingine ni cha bidoni nzima ya lita 20. Baada ya kutia dawa, maji yangojewe dakika 30 mbele ya kuyatumia.

Wengine wanasema kwamba ndimu inatosha. Ni kweli kijidudu cha kolera hakipendi uchachu, na ndimu inakidhoofisha. Lakini sio dawa ya kutegemea peke yake. Ndimu itiwe kwa ladha, juu ya maji ambayo tayari ni salama.

Mikono, visu na maganda

Maji safi yanaharibika haraka yakikutana na mkono mchafu. Mwenye kutengeneza anawe mikono kwa sabuni, zaidi sana kama ametoka kubadilisha mtoto ao kusafisha samaki. Tunda lioshwe kwa maji salama mbele ya kumenywa, hata lile lenye ganda nene kama nanasi ao papai, kwani kisu kinapopita kwenye ganda kinaingiza uchafu ndani. Embe lililopasuka kwa kuanguka ao lililotobolewa na wadudu lisitumiwe. Ubao, kisu, kijiko na vikombe vimwagiwe maji ya moto.

Kwa nini barafu inadai sukari nyingi

Ulimi wenye baridi hausikii utamu vizuri. Juisi iliyo tamu kwenye kikombe, ikiganda inaonekana kama imepoa ladha. Ndiyo sababu wenye kuuza wanamwaga sukari nyingi. Shirika la afya duniani, OMS, lilitoa shauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isipite asilimia 10 ya nguvu ambayo mtu anapata katika chakula chake cha siku, na ikiwezekana ishuke chini ya 5. Mtoto mdogo anafika kwenye kipimo hicho upesi sana, na meno yake ndiyo yanalipa kwanza.

Dawa ya jambo hili ni kungoja. Embe iliyoiva kabisa, papai linaloanza kulainika, ndizi yenye madoa meusi: haya ndiyo matunda ya barafu. Yana utamu wake yenyewe na hayadai kitu. Tunda ambalo sokoni linauzwa bei ya chini juu limeiva mno, lakini halijaoza, ndilo bora zaidi kwa kazi hii. Na embe na papai vinabaki na vitamini A, ambayo macho na mwili wa mtoto vinaihitaji. Kugandisha hakuiharibu sana.

Aina tatu za kuanzia

Embe na ndimu. Maembe 3 makubwa yaliyoiva yamenywe na kupondwa mpaka yawe laini. Kama embe ina nyuzi nyingi, ipitishwe kwenye chujio safi. Iongezwe glasi 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, maji ya ndimu 1, na chembe chache za chumvi, ambazo zinasaidia utamu kusikika. Ikorogwe na kumiminwa katika vikombe vidogo.

Marakuja na ndizi. Marakuja ni chachu, na ndiyo sababu watu wanaijaza sukari. Hapa ndizi inachukua kazi hiyo. Ndani ya marakuja 5 ichujwe kuondoa mbegu, ndizi 4 mbivu zipondwe, vichanganywe na nusu glasi ya maji salama.

Ndizi peke yake. Hii haidai hata tone la maji, kwa hiyo ndiyo nyepesi kuliko zote. Ndizi mbivu zimenywe, zikatwe vipande vyembamba, vipangwe kwenye sahani na kugandishwa. Vikishakuwa vigumu, vitwangwe ndani ya kinu kidogo kisafi ao vipondwe kwa uma. Vinageuka kuwa laini kama krimu, ingawa hakuna maziwa ndani.

Kikombe kisijazwe mpaka juu, sababu maji yakiganda yanaongezeka ukubwa na kumwagika. Iachwe nafasi ya kidole kimoja. Vikombe ni bora kuliko sashe: vinaoshwa na kutumiwa tena, wakati sashe zinaishia kwenye mifereji na ziwani. Serikali ya Kinshasa ilikwisha toa dekreti mwisho wa mwaka 2017 ya kukataza mifuko na sashe za plastiki, hata kama sokoni bado zinaonekana.

Umeme ukizimika

Familia nyingi za Baraka na Fizi zinategemea sola ao jenereta, na frigo haifanyi kazi usiku na mchana. Konjelateri iliyojaa, ikiwa haifunguliwi, inalinda ubaridi karibu saa 48. Iliyojaa nusu, karibu saa 24. Kwa hiyo ni vizuri kujaza nafasi tupu kwa chupa za maji, na kukataza watoto kufungua kila mara.

Hatari ni barafu iliyoyeyuka usiku, ikaganda tena asubuhi bila mtu kujua. Kuna njia ya kuitambua. Kikombe cha maji kigandishwe peke yake, kisha kijiwe kidogo kiwekwe juu ya barafu yake. Asubuhi, kama kijiwe kingali juu, hakuna kilichoyeyuka. Kama kimezama chini ya barafu, vyote viliyeyuka na kuganda upya. Barafu hizo wasipewe watoto.

Asiyekuwa na frigo anaweza kununua kipande cha barafu na kukivunja ndani ya ndoo. Kwa vikombe 3 vya barafu iliyovunjwa, atie kikombe 1 cha chumvi. Chumvi inafanya barafu iyeyuke, na katika kuyeyuka inavuta moto wote wa vitu vilivyo karibu, mpaka ubaridi unapita ule wa barafu ya kawaida. Juisi ya matunda ndani ya kopo lenye kufungwa vizuri, likizungushwa katikati ya ndoo hiyo, itaanza kuganda. Lakini barafu ya ndoo isiguse juisi: maji yake hayajulikani yalitoka wapi. Kopo lipanguswe vizuri mbele ya kufunguliwa.

Mtoto yupi apewe?

Mtoto wa chini ya miezi 6 anahitaji maziwa ya mama tu. Hata maji hapewi. Wa chini ya mwaka 1 asitiliwe asali. Watoto wadogo, wa chini ya miaka 4, wapewe barafu laini kwa kijiko, sio kipande kigumu, kwani kinaweza kuwakaba. Na barafu haichukui nafasi ya chakula: mtoto ale bugali na samaki ao maharagi yake kwanza.

Mtoto akianza kuhara maji mengi, meupe kama maji ya mchele, asingojewe mpaka kesho. Kolera inaweza kumaliza maji ya mwili katika saa chache. Apelekwe kituo cha afya mara moja, na njiani aendelee kunyweshwa SRO. Kama pakiti haipo, lita 1 ya maji salama ichanganywe na vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa.

Kwa wamama wenye kuuza barafu ili kulipa masomo ya watoto, kanuni ni zilezile, na faida iko. Makala ya kuchemshia maji mbele ya kuyagandisha yana gharama, ni kweli. Lakini mzazi akishajua kwamba barafu ya mama fulani ni ya embe halisi na maji yake yalitokota, atamwambia mtoto wake apite pale na asisimame pengine.